Bima inayomilikiwa na wenye bima: ziada ni ya nani, na pengo anaziba nani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Kibaigwa, wilayani Kongwa:

"Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina wanachama 180, wengi wakulima na wafanyabiashara wadogo wa alizeti na mahindi. Kila mmoja anachanga shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukifa wewe, au ukifiwa na mtu uliyemwandika kwenye fomu, kikundi kinatoa milioni moja. Kwa miaka mitatu tumezika watu 27. Mwaka huu mfuko ulikauka Februari, na watu wanauliza faida ya miaka ya nyuma ilikwenda wapi. Mwenzetu mmoja anasema ziko kampuni za bima zisizo na mwenye hisa, wenye bima ndio wamiliki. Zinaendeshwaje? Faida anakula nani, na hasara je? Sisi tunaweza kuwa hivyo, na tuongeze bima ya ukame?"

Ndugu yetu wa Kibaigwa, pole kwanza kwa misiba hiyo. Kikundi kilichozika watu 27 bila kuvunjika kimefanya kazi kubwa. Mengi ya unayouliza tayari mnayafanya, ila hayajapigiwa hesabu.

Kampuni ya bima ya kawaida ina watu wa aina mbili. Wapo wenye hisa, walioweka mtaji na wanaotaka gawio, na wapo wateja, wanaolipa ada na kutegemea fidia. Kwenye bima ya wanachama hao wa kwanza hawapo. Anayekata bima anakuwa mwanachama mkataba wake unapoanza, na mkataba ukiisha uanachama nao unaisha. Hana cheti cha hisa cha kuuza wala cha kurithisha watoto. Alichonacho ni kinga, kura yake kwenye mkutano mkuu, na haki ya kunufaika na ziada kwa namna katiba inavyosema.

Ziada hiyo ndiyo watu wenu wanayoiita faida, na neno hilo linawagombanisha bure. Ada za mwaka zikishalipa fidia na gharama, kinachobaki ni fedha ya wanachama waliyoitoa zaidi ya ilivyohitajika mwaka huo. Inaweza kuingia kwenye akiba, inaweza kupunguza ada ya mwaka unaofuata, au inaweza kurudishwa kwa wanachama. Kampuni kubwa za wanachama huita marejesho hayo gawio, lakini tofauti na gawio la hisa hapo hakuna mtaji uliozaa: mwenye bima anarudishiwa sehemu ya ada yake mwenyewe.

Upande wa hasara ndio watu hawaupendi. Hakuna mwenye hisa wa kuumia kwanza, kwa hiyo pengo linazibwa na akiba, na akiba ikiisha linawarudia wanachama: wanachangishwa nyongeza, wanapunguziwa fidia, au ada inapanda mwakani. Njia zote hizo zimetumika. Amicable, chama cha bima ya maisha kilichoanzishwa London mwaka 1706, kilikuwa na mchango uliopangwa, na fungu la mwaka liligawanywa kwa warithi wa wanachama waliofariki mwaka huo. Wakifa wachache kila familia inapata nyingi, wakifa wengi kila familia inapata kidogo. Vyama vya wenye meli vinavyokingana dhidi ya madai ya ajali na uchafuzi wa bahari, ambavyo leo hii vinabeba karibu tisa ya kumi ya uwezo wa meli zote za baharini duniani, bado vina haki ya kuwadai wanachama nyongeza mwaka ukiwa mbaya. Mwenye meli anaijua haki hiyo siku anayojiunga. Ninyi mmeahidi milioni moja kamili kwa kila msiba na hamkuandika popote kitakachofanyika fedha isipotosha. Ndiyo maana Februari iliwakuta mnatazamana.

Sasa tupige hesabu yenu. Wanachama 180 kwa 60,000 kwa mwaka ni 10,800,000. Tuseme asilimia 90 wanalipa kweli, maana hakuna kikundi kinachokusanya yote: ni 9,720,000. Toa 600,000 za nauli, makaratasi, makato ya benki na mkutano mkuu, zinabaki 9,120,000. Misiba 27 kwa miaka mitatu ni wastani wa 9 kwa mwaka, yaani 9,000,000. Katika mwaka wa kawaida kabisa mnabaki na 120,000. Faida ya miaka ya nyuma mnayoitafuta haikuwahi kuwepo ya kutosha kugawana, na mweka hazina asitukanwe kabla daftari halijasomwa.

Msiba wa kumi ndio unaowaangusha, na kosa la vikundi vingi liko hapa. Wastani wa 9 haumaanishi 9 kila mwaka. Vifo visivyohusiana, vyenye wastani wa 9, hupanda na kushuka kwa takriban 3, ambayo ni kipeuo cha pili cha 9. Misiba kumi au zaidi hutokea katika miaka kama minne ya kila kumi. Misiba 13 au zaidi, mwaka mmoja katika minane hivi. Februari yenu haikuwa mkosi wala lazima iwe wizi. Mfuko umejengwa kwa namna ambayo lazima ukauke mara kwa mara.

Ukubwa wa kundi unasaidia kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo siri ya kampuni hizo za nje. Wanachama 180 wenye misiba 9 wanahitaji akiba ya misiba 6 zaidi ili kuvuka mwaka mbaya sana, yaani milioni 6, ambayo ni zaidi ya 33,000 kwa kila mwanachama. Wanachama 1,800 wenye misiba 90 wanahitaji akiba ya misiba 19 tu, milioni 19, ambayo ni chini ya 11,000 kwa kila mmoja. Watu wameongezeka mara kumi, tahadhari imeongezeka mara tatu tu. Kumi kujiunga na kumi haisaidii kitu. Vikundi vya Kongwa, Mpwapwa na Gairo vikikaa chini ya kanuni moja na mfuko mmoja, hapo hesabu inabadilika.

Kwa sasa mko 180, kwa hiyo ningepunguza ahadi. Toeni 800,000 badala ya milioni. Misiba 9 itakula 7,200,000, mtabaki na 1,920,000 mwaka wa kawaida, na akiba ya misiba sita ya ziada, 4,800,000, itajaa ndani ya miaka miwili na nusu. Ikishajaa, uwezekano wa mwaka mmoja kuimaliza yote uko chini ya mmoja katika mia. Kama mkutano utakataa kushusha hadi 800,000, basi mchango upande. Kubaki na 5,000 na milioni moja kwa pamoja haiwezekani, na mkutano ukipiga kura kwamba inawezekana, Februari itarudi.

Tahadhari moja juu ya hesabu hiyo: 27 ni idadi ndogo. Kwa misiba 27 iliyoonekana, wastani wa kweli unaweza kuwa 7 au 11 kwa mwaka. Msiufunge mchango kwa miaka kumi, upitieni kila mwaka. Ili muupitie mnahitaji kaunta buku iliyochorwa vizuri. Kila msiba uwe na mstari mmoja: tarehe ya kifo, jina, uhusiano na mwanachama, umri, tarehe aliyoandikishwa, tarehe kikundi kilipopata taarifa, tarehe fedha ilipotoka, kiasi, na sahihi ya aliyepokea. Safu ya umri na ile ya uhusiano ndizo watu huziacha wazi, na ndizo zenye thamani kuliko zote. Mtakwimu bima, yaani mtaalamu wa kukokotoa hatari na ada za bima, akipewa mistari 60 ya namna hiyo anaweza kukuambia kundi lipi linakula mfuko. Mara nyingi ni wazazi na wakwe, kwa sababu mwanachama wa miaka 30 anaandika wazazi wanne wenye miaka 70, na mwingine hana mzazi hata mmoja aliye hai, lakini wote wanalipa 5,000.

Hilo nalo ni la zamani. Katikati ya karne ya 18 Amicable haikupokea mtu aliyezidi miaka 45. Mwanahisabati James Dodson alikataliwa kwa umri, akaanza kukokotoa ada inayopanda kulingana na umri wa mtu siku anayojiunga na kubaki hivyo hivyo maisha yake yote. Alifariki mwaka 1757, na mwaka 1762 wenzake wakaanzisha chama cha bima cha Equitable kwa hesabu zake. Ada sawa kwa wote inapendeza masikioni na inafaa mwanzoni, lakini kikundi kinavyozeeka vijana huona wanabeba wazee, wanatoka kimya kimya, wanaobaki ni wenye misiba mingi, mchango unapanda, na vijana wengine wanatoka. Kwenye kikundi cha ujirani hutaki kumtoza bibi mara tano ya kijana, na ni sawa, kwa sababu kusaidiana ndiko kulikowaleta. Weka kikomo kingine: mchango wa 5,000 umkinge mwanachama, mwenza na watoto, kisha kila mzazi au mkwe alipiwe nyongeza yake, tuseme 1,000 kwa mwezi kwa kichwa, na fidia yake iwe nusu.

Majina yafungwe Januari. Jina likiongezwa katikati ya mwaka lisubiri miezi sita kabla ya kuanza kulipiwa fidia, isipokuwa kifo cha ajali. Sharti hili linaonekana la kikatili siku mtu anapolia mbele yenu, lakini bila hilo watu watawaandikisha wazazi wao siku wanapolazwa hospitali, na atakayelipa ni yule aliyechanga miaka sita bila kudai. Huyo wa miaka sita naye akidai kurudishiwa kwa sababu hajapata msiba, jibu ni hapana. Amekingwa miaka sita, na kinga hiyo imetumika hata kama hakuna jeneza lililobebwa nyumbani kwake.

Wekeni pia sharti la tukio moja. Wanachama wenu husafiri pamoja kwenda kuzika. Basi au Noah moja ikipinduka ina uwezo wa kuleta misiba saba kwa mchana mmoja, na hesabu yote ya hapo juu inategemea vifo visivyofuatana kwa sababu moja. Andikeni kwamba tukio moja litalipwa jumla isiyozidi fidia nne kamili, na wakizidi wanne jumla hiyo igawanywe sawa.

Kuhusu kugawana ziada, somo kubwa ni hiyo hiyo Equitable. Iliishi zaidi ya miaka 200 bila mwenye hisa, na ikajivunia kwamba kila kizazi cha wanachama kinapewa stahiki yake yote, bila kuacha akiba kubwa nyuma. Baadhi ya wanachama walikuwa na mikataba iliyowahakikishia kiwango cha pensheni. Riba ziliposhuka miaka ya 1990 ahadi hiyo ikawa ghali. Wakurugenzi walijaribu kuipunguza kwa kuwakata bonasi, na Julai 2000 mahakama ya juu ya Uingereza ikawakatalia. Hakukuwa na akiba ya kutosha wala mwenye hisa wa kuongeza mtaji. Desemba 2000 wakaacha kupokea wateja wapya, na mwaka 2001 thamani ya akiba za wanachama ikakatwa. Mzigo wa ahadi za baadhi ya wanachama ukabebwa na wengine. Nyumba ya miaka zaidi ya 200 iliangushwa na tabia ileile inayopigiwa makofi kila Desemba kwenye vikundi vyetu: tugawane kilichobaki. Kwenye katiba yenu andikeni kwamba hakuna senti ya mfuko wa misiba itakayogawanywa kabla akiba haijafikia 4,800,000, na mkutano usiwe na mamlaka ya kulitengua kwa kura za siku hiyo.

Akiba hiyo isikopeshwe. Wengi wenu pia mko VICOBA na mmezoea fedha kuzunguka, lakini mfuko wa mikopo una ratiba na msiba hauna. Tazama mwaka wa mkulima wa Kibaigwa: fedha inaonekana kuanzia Mei alizeti ikianza kuvunwa, inajaa Juni na Julai, na kufikia Januari imekwenda kwenye palizi, mbegu na ada za shule. Michango ya Januari hadi Machi ndiyo inayolala, na ndipo mfuko wenu ulipokauka. Badala ya 5,000 kila mwezi, kusanyeni 40,000 kati ya Juni na Agosti na 20,000 Desemba. Jumla ni ile ile 60,000, ila inaingia ikiwa ipo mfukoni. Fedha ya fidia tatu, 2,400,000, ikae kwenye akaunti ya kikundi inayotoka siku hiyo hiyo kwa sahihi za watu watatu. Nyingine iwekwe kwenye akaunti ya muda maalumu. Anayeidhinisha malipo asiwe mweka hazina, na ndugu wa mfiwa asikae kwenye kamati siku hiyo.

Bima ya ukame msiiguse kwenye mfuko huu. Nasema hivyo bila kusitasita. Kifo cha baba wa mtu mmoja hakisababishi kifo cha baba wa jirani, na ndiyo maana 179 wanaweza kumbeba mmoja. Ukame wa Kongwa haumchagui mtu. Tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua ikikatika mwishoni mwa Januari inakatika kwenu wote, na pengine Mpwapwa na Chamwino pia. Tuseme mmeahidiana 300,000 kila mmoja mwaka wa njaa: ni milioni 54 kwa mkupuo. Kama ukame mkubwa unakuja mara moja katika miaka mitano, kila mmoja anapaswa kuweka 60,000 kwa mwaka, inaonekana inawezekana. Lakini ukija mwaka wa pili mtakuwa na milioni 21.6 na mnadaiwa 54, tena mwaka huo huo ambao hakuna mwenye uwezo wa kuchangia nyongeza. Hatari ya aina hiyo lazima ibebwe na watu walio mbali na mvua yenu. Kampuni za bima hufanya hivyo kwa kuihamishia sehemu kwenye bima mtawanyo, yaani bima ya kampuni za bima, ndani na nje ya nchi. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliunda umoja wa bima ya kilimo ili zibebe mzigo huu kwa pamoja. Kikundi chenu kinaweza kununua bima hiyo kwa jina la wanachama, na kabla ya kulipa ulizeni kama fidia inapimwa kwa shamba lako au kwa kipimo cha mvua cha eneo. Ikiwa ni cha eneo, shamba lako linaweza kukauka na usilipwe kwa sababu kipimo kilipata mvua.

Kugeuka kampuni kamili ya bima ni habari nyingine. Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009 inamtaka anayefanya biashara ya bima asajiliwe na TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na mtaji wake wa chini huhesabiwa kwa mabilioni. Mkiendelea kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, mkasajiliwa kupitia halmashauri, mnabaki kikundi cha kijamii. Mkianza kuandikisha msiowajua, kutoa hati zinazoahidi kiasi maalumu na kulipa kamisheni kwa anayeleta wateja, mmeingia kwenye biashara ya bima. Kabla ya kuvuka mpaka huo, au kabla ya kuunganisha vikundi vya wilaya kadhaa, pelekeni rasimu ya katiba ofisi za TIRA Dodoma mjini, na kama mnafikiria sura ya ushirika, pia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo nayo ipo Dodoma. Mnakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Hata kampuni za wanachama zilizofanikiwa hazibaki zao milele. Old Mutual ilianza Cape Town mwaka 1845 ikiwa na wanachama 166, pungufu ya ninyi, na mwaka 1999 ikageuka kampuni ya hisa. Wanachama waliokuwepo siku hiyo walipewa hisa, waliojenga akiba kwa vizazi vilivyotangulia hawakuwepo kupewa. Kwa hiyo katiba iseme pia akiba itakwenda wapi kikundi kikivunjika. Pendekezo langu ni iende kwa kikundi kingine cha kuzikana, isigawanywe kwa waliokuwepo, ili asitokee mtu wa kutaka kukivunja kwa tamaa ya mfuko.

Kwa hali yenu ya sasa ipo njia ya kati ninayoipenda zaidi: kikundi kitoe haraka, bima itoe kikubwa. Ninyi mlipe 300,000 siku ya msiba kwa ajili ya jeneza au sanda, maturubai na chakula. Zile 500,000 zinazobaki mzinunulie bima ya kikundi kutoka kampuni iliyosajiliwa, inayolipa baadaye. Ikishawakinga hivyo, akiba ya misiba sita mnayopaswa kuweka wenyewe inashuka hadi 1,800,000. Ombeni bei kwa maandishi kutoka kampuni tatu au kupitia dalali wa bima, na msiulize bei peke yake. Ulizeni umri wa mwisho wa mzazi anayekubaliwa, miezi ya kusubiri, siku ngapi hadi fedha kutoka, na nyaraka gani zinatosha: kama kibali cha mazishi na barua ya mtendaji wa kijiji vinapokelewa, au lazima cheti cha kifo cha RITA. Kampuni inayodai cheti tu itawachelewesha, kwa sababu wengi wenu mnazikia kijijini na cheti hufuatwa baadaye. Na ada yao lipeni kabla ya tarehe ya kuanza, kwa sababu kwenye bima ada isiyolipwa ni kinga isiyokuwepo, hata kama fomu zote 180 zimeshajazwa na ziko mezani kwao.